Albamu nzima au vibao vya miaka yote: ulinganisho kwa shabiki wa bendi kongwe ya roki

Bendi ya roki iliyodumu jukwaani kwa miaka thelathini au arobaini huwa na njia mbili za kuwarudia mashabiki wake. Ya kwanza ni ziara ya kumbukumbu, ambapo albamu moja iliyotimiza miaka 20, 30 au 50 hupigwa yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, huku nyimbo nyingine chache zikiongezwa kabla au baada yake. Ya pili ni ziara ya kawaida, ambapo bendi huchota kutoka kwenye albamu zake zote na kuwapa watu vibao wanavyovijua, pamoja na nyimbo mbili tatu za karibuni. Jina lililochapwa kwenye tikiti ni lile lile na pengine hata ukumbi ni ule ule, lakini hayo ni maonyesho mawili yenye tabia tofauti kabisa, na anayeweza kwenda mara moja tu anahitaji kujua analipia lipi. Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza unaipenda bendi kiasi gani, jiulize unaupenda upande wa pili wa albamu inayosherehekewa kiasi gani, kwa sababu huko ndiko onyesho la kumbukumbu hufaulu au hushindwa.

Umbo la santuri na umbo la onyesho

Albamu nyingi zinazosherehekewa leo zilipangwa wakati santuri ndiyo iliyotawala soko, au na watu waliokulia katika mazoea ya santuri. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na kitu bila sauti kufifia, hivyo albamu nzima ilikuwa na dakika 40 hadi 45, ikikatwa katikati pale msikilizaji alipolazimika kuinuka na kuigeuza. Kadiri mfuo, yaani mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, unavyokaribia katikati ya santuri ndivyo unavyopita chini ya sindano kwa mwendo mdogo zaidi, na kwa sababu hiyo sauti kali na nyembamba huanza kukwaruza. Watayarishaji wengi kwa hiyo walipenda kuufunga upande kwa wimbo wa polepole, na vibao wakaviweka mwanzoni, ambako sauti ni safi na ambako mtangazaji wa redio angeiweka sindano kwanza.

Mpangilio huo ulifaa sana nyumbani, lakini jukwaani unakwenda kinyume cha desturi. Onyesho la kawaida hujengwa kwa kupanda: bendi hufungua kwa wimbo wenye nguvu, hupunguza mwendo katikati ili watu wapumue, kisha huhifadhi vibao vitatu au vinne vikubwa kwa ajili ya nusu saa ya mwisho. Albamu ikipigwa kwa mpangilio wake wa asili, kilele huja mapema na mwisho huwa mtulivu, na bendi hulazimika kutafuta namna ya kuuokoa usiku.

Mfano ulio wazi ni ziara ya U2 ya mwaka 2017 ya kuadhimisha miaka 30 ya The Joshua Tree, albamu iliyotoka Machi 1987. Nyimbo zake tatu za kwanza ndizo ambazo hata asiye shabiki anazijua, na zimefuatana bila kupumzika, ya tatu ikiwa "With or Without You". Bendi ilianza kwenye jukwaa dogo lililochomoza katikati ya watu, skrini ikiwa haina picha zao, ikapiga nyimbo za miaka iliyotangulia albamu hiyo, zikiwemo "Sunday Bloody Sunday" na "Pride". Ndipo iliporudi kwenye jukwaa kuu, na nyuma yake skrini yenye upana wa mita zipatazo 60 ikawaka kwa filamu ya mpiga picha Anton Corbijn ya barabara ndefu inayokatiza jangwani. Albamu ilipokwisha, vibao vya miaka ya baadaye vikafuata. Ulikuwa mpango wa werevu, kwani uliipa albamu mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea.

Hata hivyo kati ya milango hiyo miwili kulikuwa na ule upande wa pili. Ndani yake umo "Red Hill Mining Town", wimbo ambao bendi haikuwahi kuupiga mbele ya watu kwa miaka yote 30, na "Exit", ambao haukuwa umesikika jukwaani tangu mwaka 1989. Kwa shabiki aliyeisikiliza albamu hiyo mpaka akazijua pumzi za mwimbaji, dakika hizo zilikuwa sababu tosha ya kununua tikiti. Kwa aliyeletwa na rafiki zilikuwa dakika za kwenda kununua kinywaji. Katika onyesho lolote la aina hii, ukigeuka ukawatazama watu badala ya jukwaa, utaona mgawanyiko huo waziwazi: katika kibao cha tatu simu zote ziko juu, na ifikapo wimbo wa saba au wa nane nusu yao wamezishusha, wanazungumza au wanapenya kati ya viti kuelekea nje, huku wachache waliobaki wamesimama wima wakiimba kila neno la wimbo ambao wengine hawaujui hata jina.

Bendi nyingine zimelitatua tatizo hilo kwa njia zao. Metallica walipoizungusha Ulaya mwaka 2012 albamu yao ya mwaka 1991, ile yenye jalada jeusi, waliipiga kinyumenyume, wakaanza na wimbo wa mwisho na kumalizia na "Enter Sandman", ambao kwenye rekodi ndio unaofungua. Mimi naona huo ni uamuzi bora kuliko wote niliowahi kuusikia katika ziara za namna hii, kwa sababu uliheshimu albamu na ukaheshimu pia umbo la onyesho. Pixies nao, katika ziara ya Doolittle iliyoanza mwaka 2009, walikuwa na albamu isiyofika hata dakika 40, wakaizungushia nyimbo za upande wa pili wa santuri ndogo za enzi hiyo, ambazo ni mashabiki wazito tu waliozijua. Huko kulikuwa kumchagua msikilizaji bila kuomba radhi.

Urefu wa albamu pia una uzito wake. Albamu ya dakika 40 huacha zaidi ya saa nzima ya nyimbo nyingine katika onyesho la saa mbili, hivyo anayekwenda anapata karibu maonyesho yote mawili kwa tikiti moja. Albamu ya santuri mbili hula usiku wote. Bruce Springsteen na E Street Band walipoanza ziara yao ya mwaka 2016 walikuwa wakipiga The River, albamu ya mwaka 1980 yenye nyimbo 20, yote kwa mpangilio wake katika kumbi za Marekani. Walipovuka kwenda Ulaya waliuacha mpango huo kwa sehemu kubwa na kurudia orodha huru. Waliporejea Marekani mwishoni mwa kiangazi, wakiwa wameshaufungua mkono, walipiga mjini Philadelphia tarehe 7 Septemba 2016 kwa zaidi ya saa nne. Aliyekwenda Januari na aliyekwenda Septemba walikuwa wanahudhuria ziara ile ile, na kama mtu angeniuliza ni ipi ningeichagua, ningejibu Septemba bila kusita, ingawa naipenda sana albamu hiyo. Nyimbo 20 zilizokwisha pangwa ni mzigo hata kwa bendi yenye pumzi kama ile.

Ni nani hasa aliye jukwaani

Hapa ndipo ziara ya kumbukumbu inapodai uangalifu mkubwa zaidi. Katika ziara ya kawaida, pengo la mpiga besi au mpiga dramu aliyefariki au kujiondoa huvumilika, kwa kuwa bendi inajiwasilisha kama ilivyo leo. Ziara inayouza albamu ya mwaka fulani inamwahidi mnunuzi kitu kilichofanywa na watu fulani, kwa mikono yao, na ni haki yake kuuliza wangapi kati yao wamebaki.

Majibu hutofautiana mno. Green Day walipozunguka mwaka 2024 wakiadhimisha miaka 30 ya albamu yao Dookie na miaka 20 ya nyingine, American Idiot, wakazipiga zote mbili kila usiku, watu watatu waliozirekodi ndio wale wale waliokuwa jukwaani: Billie Joe Armstrong, Mike Dirnt na Tré Cool. Upande wa pili wa mizani kuna Yes, ambao mwaka 2022 waliadhimisha miaka 50 ya albamu yao Close to the Edge. Kati ya watano walioirekodi mwaka 1972, aliyebaki katika bendi alikuwa mpiga gitaa Steve Howe peke yake. Mpiga besi Chris Squire alifariki mwaka 2015, na Alan White, mpiga dramu aliyejiunga mara baada ya albamu hiyo kurekodiwa, alifariki Mei 2022, wiki chache tu kabla ya ziara kuanza. Wakati huo huo Jon Anderson, ambaye sauti yake ndiyo iliyo kwenye rekodi, alikuwa akiizungusha albamu hiyo hiyo Marekani akiwa na kundi la wanamuziki vijana. Shabiki alilazimika kuchagua kati ya gitaa la asili lenye jina la bendi na sauti ya asili isiyo na jina hilo, na sidhani kuna jibu moja linalomfaa kila mtu. Kwangu mimi sauti ya mwimbaji hushinda jina, kwa sababu mpiga gitaa mahiri anaweza kuigwa kwa karibu sana na sauti haigiki.

The Who walichagua njia ya tatu. Walipoipeleka tena jukwaani albamu yao Quadrophenia mwaka 2012 na 2013, mpiga dramu Keith Moon alikuwa ameshafariki tangu mwaka 1978 na mpiga besi John Entwistle tangu mwaka 2002. Katika wimbo "5:15" bendi ilisimama pembeni, skrini ikamwonyesha Entwistle akipiga besi peke yake katika onyesho la zamani, na mpiga dramu aliye hai akamfuata kwa vijiti vyake. Baadaye sauti ya Moon nayo ikasikika kutoka kwenye picha yake. Wapo wanaoona jambo hilo linagusa moyo na wapo wanaoliona la kuogofya. Lililo hakika ni kwamba jambo la namna hiyo lina nafasi yake katika onyesho la albamu, ambalo tangu mwanzo ni onyesho la kukumbuka, na lingekuwa geni katikati ya usiku wa vibao.

Hata bendi isiyopoteza mtu inaweza kuja pungufu. U2 walipoufungua ukumbi wa Sphere mjini Las Vegas Septemba 2023, wakapiga humo mara 40 wakiwa na nyimbo za Achtung Baby ya mwaka 1991, mpiga dramu wao Larry Mullen Jr. alikuwa akipona kutokana na upasuaji, na Bram van den Berg akakaa mahali pake. Habari hiyo ilitangazwa mapema, na ndivyo inavyopasa. Kabla ya kulipa, soma majina ya wanaosafiri na usiishie kwenye picha ya tangazo, ambayo mara nyingi ni ile ya jalada la zamani.

Sauti, mwendo na ukumbi

Mwimbaji wa miaka 65 hana koo la miaka 25. Katika ziara ya kawaida bendi hulificha jambo hilo kwa urahisi, kwa kuruka nyimbo zenye noti za juu zisizofikika na kupanga zile ngumu mbali mbali. Albamu nzima haimpi mwimbaji nafasi hiyo: wimbo aliouimba kwa kupasua sauti akiwa kijana upo mahali pake, wa nne au wa tisa, na ni lazima aufikie. Kushusha gitaa nusu toni husaidia, na bendi nyingi hufanya hivyo; Metallica wamekuwa wakishusha hivyo jukwaani kwa miaka mingi. Kwa sikio la kawaida tofauti ya nusu toni haionekani, ila anayeijua rekodi kwa moyo atahisi kwamba rangi ya wimbo imekuwa nzito kidogo. Kama mwimbaji wa bendi yako anajulikana kwa sauti ya juu sana, tafuta rekodi ya onyesho lake la mwaka huu na usikilize ule wimbo mgumu kuliko yote kwenye albamu. Dakika tatu hizo zitakuambia mengi kuliko tangazo lolote.

Kuhusu ukumbi, tofauti kati ya maonyesho haya mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Vibao hustahimili uwanja wa mpira, kwa sababu watu elfu hamsini wanaoimba pamoja huziba kila kasoro ya sauti. Nyimbo za ndani za albamu, zile zenye kinanda cha chini na gitaa lisilopigwa kwa nguvu, hupotea uwanjani. Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani hupokea mlio wa dramu karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kuona kijiti kikigonga, na ingawa mafundi hupanga spika za kati zilizocheleweshwa kwa hesabu ili zilingane na zile za mbele, nyimbo tulivu huathirika zaidi. Kwa onyesho la albamu ningependelea ukumbi uliofunikwa wa watu elfu kumi au chini ya hapo, hata kama kiti ni cha nyuma. Kwa onyesho la vibao, uwanja na mahali pa kusimama karibu na mbele hupendeza zaidi. Iwe lipi, vaa vizibo vya masikio. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100, na hata kiwango hicho si cha kuvumiliwa saa mbili bila kinga.

Mshangao na uhakika

Ziara ya kumbukumbu huuza uhakika. Unajua wimbo utakaofuata kabla haujaanza, na baadhi ya watu hupenda hivyo, kwa kuwa pengo fupi kati ya wimbo na wimbo hujaa matarajio yale yale waliyoyahisi walipokuwa wakisikiliza rekodi. Wengine huchoka. Pearl Jam, ambao hubadilisha orodha yao kila usiku, walipata njia ya kuunganisha mambo hayo: Aprili 2016 waliipiga albamu yao Vs. yote mjini Greenville, na karibu wiki mbili baadaye albamu yao nyingine, Ten, yote mjini Philadelphia, bila kuiuza mapema kama ziara ya kumbukumbu. Waliokuwemo ukumbini walianza kugundua kinachoendelea baada ya nyimbo tatu au nne. Hilo huwezi kulinunua kwa makusudi, lakini ni hoja inayoipa nguvu ziara ya kawaida ya bendi yenye tabia hiyo, wakati bendi inayopiga orodha ile ile isiyobadilika mji hadi mji haina hoja hiyo hata kidogo.

Nani achague lipi

Ambaye hajawahi kuiona bendi hata mara moja, na ambaye anaijua kwa nyimbo kumi zinazopigwa redioni, achague onyesho la kawaida. Atapata picha kamili zaidi, na hatakaa nusu saa akisubiri nyimbo asizozijua ziishe. Ushauri huo unabadilika endapo bendi yenyewe ni ya albamu moja, yaani vibao vyake karibu vyote vimetoka kwenye rekodi hiyo inayosherehekewa. Hapo onyesho la kumbukumbu ndilo la vibao, na mjadala umekwisha.

Aliyekwisha kuiona bendi mara kadhaa achague albamu, kwa masharti mawili: awe anaupenda ule upande wa pili kiasi cha kuusikiliza bila kurukaruka, na angalau mwimbaji pamoja na mtunzi mkuu wa albamu hiyo wawe jukwaani. Sharti la kwanza ni rahisi kulijaribu nyumbani. Weka albamu kuanzia katikati, acha iende hadi mwisho, na ujichunguze ni lini mkono unaanza kuitafuta simu. Anayekwenda na mwenzi asiye shabiki afikirie pia saa mbili za mtu huyo, kwa maana onyesho la albamu ni refu sana kwa asiyeijua albamu.

Kuna pia swali la ni usiku upi wa ziara. Kwa ziara ya kawaida sioni tofauti kubwa, isipokuwa kwamba usiku wa kwanza na wa pili huwa na makosa madogo na mapengo ya kusubiri. Kwa ziara ya albamu ningeepuka usiku wa kwanza kabisa, kwa sababu nyimbo zilizolala miaka ishirini au thelathini huhitaji kupigwa mbele ya watu mara chache kabla hazijakaa sawa mikononi mwa wanamuziki. Ningeepuka pia ule mkondo wa mwisho unaoongezwa baada ya tikiti za awali kwisha, isipokuwa bendi imetangaza kwamba itaendelea kuipiga albamu yote, jambo ambalo inafaa kulihakikisha katika tangazo la tarehe husika, kwani jina na picha ya ziara huweza kubaki vile vile hata albamu inapokuwa imeondolewa kwenye orodha.